Daktari anayeandika dawa aruhusiwe pia kuiuza?

MTOA MADA: Wadau, msimamo wangu ni hapana, na hoja yenyewe si ya jana. Katika karne ya 13, Mfalme Frederick II aliwakataza waganga wa ufalme wake wa Sicily kumiliki maduka ya dawa au kushirikiana kibiashara na wauza dawa. Anayepata faida kwa kila chupa atashawishika kuandika chupa nyingi.

Korea Kusini ilisubiri hadi 2000. Kabla ya hapo daktari aliuza dawa mwenyewe, akabaki na tofauti kati ya bei aliyonunulia na aliyolipwa na bima. Serikali ilipotenganisha kazi hizo, madaktari waligoma. Baadaye, wagonjwa wa virusi walioandikiwa antibaiotiki, ambazo haziui virusi hata kidogo, walipungua. Mnataka ushahidi gani zaidi?

MCHANGIAJI WA 1: Mkuu, na umbali je? Uingereza mpaka leo daktari wa kijijini anaweza kuruhusiwa kutoa dawa kwa mgonjwa anayeishi zaidi ya kilomita 1.6 kutoka famasi. Mtoto anachemka homa, wewe unamwambia mama yake afunge safari ya pili?

MCHANGIAJI WA 2: Mnabishania pesa na umbali, ujuzi mmeuacha. Bradford, Uingereza, 1858: mtengeneza peremende alitaka unga wa bei nafuu wa kuchanganya na sukari. Msaidizi wa duka la dawa akachota kwa makosa aseniki, sumu ambayo nayo ni nyeupe vilevile. Watu wapatao 20 walikufa, zaidi ya 200 wakaugua. Na sheria ya aseniki ilikuwepo tangu 1851! Iliagiza mauzo yaandikwe daftarini, lakini haikudai muuzaji awe amesomea chochote. Sheria ya kuwaachia waliosajiliwa uuzaji wa sumu ilikuja 1868, miaka 10 baada ya mazishi.

MTOA MADA: Umbali naukubali kwa sharti moja: ruhusa ya kijijini ikome famasi ikifunguliwa karibu. Ila Bradford inazidi kunipa nguvu. Mfamasia aliyesomea ndiye anayegundua dozi iliyozidi, au dawa mbili zisizopatana, kabla hazijamfikia mgonjwa. Wanaotaka daktari auze mwenyewe wanijibu: cheti chake cha dawa atakikagua nani, ikiwa aliyekiandika ndiye anayehesabu vidonge?