Usumaku unawezaje kuzaa supakondakta badala ya kuiua?

Mwanafunzi wa Fizikia:
Habari za jioni, ndugu zangu. Tulifundishwa kuwa usumaku ni adui wa supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani: ukichanganya atomi chache zenye usumaku ndani ya supakondakta ya kawaida, jozi za elektroni zinazobeba umeme huo huvunjika. Lakini La₂CuO₄, ambayo ni mama wa supakondakta za oksidi ya shaba walizozigundua wanafizikia Bednorz na Müller mwaka 1986, ni kihami chenye mpangilio wa antiferosumaku (sumaku ndogo za atomi jirani zikielekea pande zinazopingana) unaodumu hadi karibu kelvini 325, yaani zaidi ya joto la chumbani. Inakuwaje kitu chenye usumaku imara kiasi hicho kigeuke kuwa njia ya umeme usio na ukinzani?

Fuwele:
Swali zuri sana, na ufunguo wake ni kutenganisha mpangilio na uhusiano. Chukua ubao wa drafti na vizibo vya soda. Jaza kila mraba, kizibo kimoja kikitazama juu na jirani yake kikitazama chini, ubao mzima. Hivyo ndivyo spini za shaba, yaani sumaku ndogo za elektroni zake, zilivyokaa katika La₂CuO₄, na hakuna elektroni inayoweza kusogea kwa sababu kila mraba una mwenyewe. Sasa ondoa kizibo kimoja, kisha sogeza jirani yake kwenye nafasi hiyo. Utaona kimefika mahali ambapo majirani zake wote waliobaki wanatazama upande uleule kama yeye, na kila hatua ya shimo, yaani ile nafasi iliyo wazi, huacha nyuma vizibo vilivyokosana namna hiyo.

Kazi ya kutoa vizibo hufanywa na stronti inayowekwa mahali pa lantani. Yakifika mashimo 2 kwa kila atomi 100 za shaba, mpangilio wa ubao mzima umekwisha kutoweka. Kwenye 5 au 6 supakondakta inaanza, na karibu na 16 inafika kilele chake cha kelvini 38 hivi. Hata hapo, spini iliyo jirani bado hupenda kumpa mwenzake mgongo, ila kwa masafa mafupi na kwa muda mfupi. Mpangilio umekufa, uhusiano umebaki.

Mwanafunzi wa Fizikia:
Asante sana, hapo nimekuelewa. Kinachonisumbua bado ni gundi, yaani kinachoziunganisha elektroni kuwa jozi. Nguvu inayozifanya spini zipingane inatokana na elektroni kusukumana. Msukumano utaungaje jozi?

Mwalimu wa Jioni:
Mwanangu, utaunga jozi endapo wimbi la jozi, yaani wimbi la kikwantamu linaloielezea jozi, litabadili alama yake, chanya upande mmoja wa fuwele na hasi ukiugeuza kwa nyuzi 90. Mitikisiko ya antiferosumaku, yaani ule uhusiano wa spini wa muda mfupi, huirusha elektroni kutoka eneo la chanya hadi eneo la hasi, na kwa kuwa alama imegeuka njiani, kile kilichokuwa msukumano hufanya kazi ya mvutano. Elektroni mbili hazikai mraba mmoja. Hukutana katika miraba ya jirani, zikiwa na spini zinazopingana.

Nadharia hii ilipimwa kwa mikono. Mwaka 1994 Tsuei na Kirtley, pamoja na wenzao wa IBM, walitengeneza pete ndogo ya YBa₂Cu₃O₇, oksidi nyingine ya shaba, inayopita juu ya fuwele tatu zilizoelekezwa pande tofauti, wakaipoza, na ndani yake ukajitokeza wenyewe mtiririko wa sumaku ulio sawasawa na nusu ya kipimo kidogo kabisa ambacho pete ya supakondakta ya kawaida hukinasa. Pete haiwezi kufanya hivyo bila alama kugeuka. Binafsi nalihesabu kuwa mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika taaluma yetu.

Nyutroni:
Nakubaliana na Mwalimu, ila alama ya wimbi haithibitishi peke yake kwamba gundi ni spini. Mwaka 2013 vipimo vya eksirei vilionyesha kuwa mitikisiko ya spini yenye nishati kubwa inaendelea kuwepo katika La₂₋ₓSrₓCuO₄, yaani ile La₂CuO₄ iliyotiwa stronti, hata mashimo yakizidi mno na supakondakta ikawa imekwisha kabisa. Kinachofifia pamoja na supakondakta, kwa mujibu wa vipimo vya nyutroni, ni mitikisiko ya nishati ndogo iliyo karibu na mpangilio ule wa ubao wa drafti. Kwa hiyo ndugu mwanafunzi, ukisoma makala inayosema "uhusiano wa antiferosumaku", tazama kwanza imepima nishati ipi.