Filamu za setilaiti za kijasusi zilirudije duniani?

MpimajiMdogo (Dodoma)

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya pili ya upimaji, na tumepewa kazi ya kulinganisha ufukwe wa Bahari ya Aral wa zamani na wa sasa. Picha yangu ya zamani imepigwa na setilaiti ya kijeshi ya Marekani mwaka 1966. Haina umbo la mraba kama picha tulizozoea. Ni ukanda mwembamba na mrefu, ncha zote mbili zimevutika, na pembezoni kuna namba na mikwaruzo kama ya negetivu za harusi ya wazazi wangu.

Mwaka huo kamera za kidijitali hazikuwepo. Mwenzangu darasani anasema filamu ilidondoshwa kutoka angani, kisha ndege ikaidaka. Mimi naona ni hadithi za vijiweni. Nani anajua ilivyokuwa hasa?

FundiNegetivu (Tanga)

Mwanangu, mwenzako kasema kweli. Nimesafisha picha miaka 27, nikaanzia studio na kumalizia chumba cha giza cha eksirei, na habari hii nimeifuatilia kwa sababu ni habari ya filamu kabla ya kuwa habari ya roketi.

Mradi uliitwa CORONA. Rais Eisenhower aliuidhinisha Februari 1958. CIA na Jeshi la Anga waliuendesha kwa siri, na hadharani wakautangaza kwa jina la Discoverer kama mradi wa sayansi. Walirusha kutoka Vandenberg, California, na kwa muda mrefu walikuwa wakishindwa tu: roketi hii inaanguka, ile haifiki kwenye mzunguko, nyingine inafika lakini kapsuli, yaani chombo kidogo cha kurudisha filamu, inapotea. Discoverer ya 13 ndiyo ya kwanza kurudi salama, Agosti 1960. Hiyo iliokotwa baharini, na ndani haikuwa na filamu, ilikuwa na bendera.

Siku nane baadaye, tarehe 19 Agosti, ikaja ya 14. Kapsuli iliachana na setilaiti, roketi ndogo ikaipunguza kasi, ngao ikabeba joto, parachuti ikafunguka juu ya Pasifiki karibu na Hawaii. Rubani Harold Mitchell alikuwa anaisubiri na ndege aina ya C-119, nyuma yake zikining'inia kamba zenye kulabu. Akapita mara ya kwanza, akaikosa. Ya pili, akaikosa. Ya tatu kulabu zikashika parachuti, na wenzake wakaivuta kwa winchi hadi ndani. Ilikuwa na filamu ya kilo 9 hivi, na eneo la Urusi ya Kisovieti lililoonekana humo lilizidi yote yaliyopigwa na ndege za kijasusi za Marekani, U-2, tangu zianze kuruka. Kumbuka U-2 ya rubani Powers ilikuwa imetunguliwa na Wasovieti Mei mosi mwaka huohuo.

Kama kapsuli ingekosewa ikaanguka majini, ilikuwa na kizibo cha chumvi. Chumvi ikiyeyuka maji yanaingia, inazama, adui asiipate. Moja iliangukia Venezuela mwaka 1964, wakulima wakaikuta karibu na La Fría.

Sasa filamu yenyewe, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Mwanzoni walitumia asetati, ileile ya filamu za kawaida za studio. Huko juu hakuna hewa, ikakauka, ikawa inakatika ndani ya kamera. Kodak, watengenezaji wa filamu, wakahamia kwenye poliesta. Sisi wa eksirei tunaijua: asetati unaichana kwa vidole, poliesta utahangaika nayo mpaka utafute mkasi. Halafu likaja la pili. Filamu ikipita kwenye rola za mpira ilizaa umeme tuli, cheche zikaichoma kabla haijafika kwa msafishaji. Nimeyaona hayo Dodoma kwenu, mwezi wa saba hewa ikiwa kavu: ukiizungusha filamu kwa haraka gizani unaona mwanga wa buluu kidogo, na ukiisafisha unakuta alama kama mizizi ya mti. Tanga haikunitokea hata mara moja, unyevu wa bahari unaizuia. Wao walilazimika kuchagua rola moja moja, zile zisizotoa cheche.

Ukanda wako ni mrefu kwa sababu lenzi ilikuwa ikifagia kutoka upande hadi upande. Upana wa filamu ni milimita 70, na fremu moja inakaribia sentimita 76. Ncha zimevutika kwa kuwa hapo kamera ilikuwa inatazama kimshazari.

MwanaAnga (Mombasa)

Shikamoo mzee. Kwa nini hawakuzituma kwa redio?

FundiNegetivu (Tanga)

Marahaba. Walijaribu. Mradi wa SAMOS ulisafisha filamu hukohuko juu, ukaisoma kwa mwanga na kuituma kwa redio. Picha zilikuwa hafifu mno. Negetivu nzuri ina mambo mengi kuliko redio ya wakati ule ilivyoweza kubeba. Wasovieti nao walirudisha filamu. Zenit yao ilifanikiwa Aprili 1962 kwa jina la Kosmos 4, na ilirudi na kamera zake ndani ya tufe kama lile la mwanaanga Gagarin, ikatua nchi kavu.

Gharama ya njia hii ilikuwa kusubiri. Agosti 1968 majeshi ya Kisovieti yaliingia Chekoslovakia, na picha zilizoonyesha maandalizi yao zilipofika mezani uvamizi ulishatokea. Picha za kidijitali zilianza na setilaiti ya Marekani ya KH-11, Desemba 1976, lakini filamu iliendelea hadi miaka ya 1980.

Kinachoniuma zaidi ni cha 1971. Setilaiti kubwa ya Marekani ya HEXAGON, safari yake ya kwanza, kapsuli ya tatu kati ya nne iliharibikiwa parachuti ikazama Pasifiki, karibu mita 5,000 kwenda chini. Aprili 1972 nyambizi ya Trieste II ikaifikia na kuishika. Wakati wa kuipandisha, filamu ikamomonyoka na kutawanyika majini. Mtu aliyewahi kuona roli ya mteja ikiharibika mkononi mwake ataelewa walivyojisikia watu wale.

MpimajiMdogo (Dodoma)

Shikamoo mzee, na asante sana. Nimerudi kwenye picha yangu nikaikuza. Upande wa kulia, juu ya maji ya Aral, kuna alama nyeupe yenye matawi. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari kama mkondo wa mto.

FundiNegetivu (Tanga)

Marahaba mwanangu. Fuata matawi uone shina linaanzia wapi. Likianzia ukingoni mwa filamu, na likikatiza maji na nchi kavu bila kujali, huo si mto, ni cheche ya rola. Linganisha na fremu ya kamera ya pili. Zilikuwa mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, na sehemu ileile ilipigwa na zote. Kama kwenye ya pili haipo, ifute kwenye ramani, ila kwenye picha yako iache.

MpimajiMdogo (Dodoma)

Inaanzia ukingoni. Kwenye ya pili haipo.