Draivu Z yafunguka nikiwa sebuleni, nikipanda juu yaleta alama nyekundu. Msaada jamani

dada_wa_kadi

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Nina shida yanisumbua na kazi zanirundikia, maana ndio Shaaban hii, kila mwenye harusi ataka aimalize kabla ya Ramadhani na kadi zote zatakiwa leo leo. Sisi twakaa Mji wa Kale, nyumba ni zile za mawe za zamani, kuta nene hasa, waifai ya chini haifiki juu. Kompyuta kubwa iko sebuleni chini, ni Windows 10, jina lake SEBULE, ndani yake kuna folda ya KAZI ambayo nimeishea, na kwenye laptopu yangu nimeiweka kama draivu Z ili nikifanya disaini chumbani faili ziende moja kwa moja huko chini kwenye printa.

Mwanzo ilikuwa sawa kabisa kwa sababu nilikuwa nafanya kazi hapo hapo sebuleni. Sasa tumeongeza rauta ya pili juu, kebo imevutwa kutoka ile ya chini, na intaneti yashika vizuri mno, video zacheza bila kukwama. Lakini draivu Z imegoma. Nikishuka na laptopu nikashika waifai ya chini yafunguka, nikipanda juu naona X nyekundu, nikiiklik yafikiriaaa kisha yaniletea error 0x80070035, ati njia ya mtandao haikupatikana. Na kuna jingine. Kakangu amekuja na laptopu yake mpya ya Windows 11 Pro, yeye hata akikaa chini pale karibu na kompyuta haingii, yamwambia ati sera za usalama za shirika lake zazuia wageni wasiojitambulisha. Shirika gani na sisi tuko nyumbani? Nshazima rauta zote mbili nikawasha, nshatoa draivu nikairudisha, wapi. Naombeni mnisaidie.

mtoto_wa_kisauni

Pole dadangu. Hio ya 0x80070035 ilimpata rafiki yangu, akawasha SMB1 kwenye zile Windows Features, akazima akawasha kompyuta ikakubali. Jaribu hivyo, na pia zima fayawolo, ile kinga ya kompyuta inayozuia wasioruhusiwa, kidogo uone kama ndio inayozuia.

fundi_tudor

Dada, nakuomba SMB1 usiiguse na fayawolo usiizime. @mtoto_wa_kisauni najua wataka kusaidia ndugu yangu, lakini ushauri huu umeenea sana na una hatari. SMB1 ni njia ya zamani ya kompyuta kusheana faili, na tundu lililokuwa ndani yake ndilo lililopitiwa na WannaCry Mei 2017, ile programu haribifu iliyofunga faili za watu dunia nzima na kudai pesa. Mwaka huo huo Microsoft wakaacha kuiweka kwenye Windows mpya, kuanzia toleo la 1709 la Windows 10. Windows 10 na Windows 11 zikiongea zenyewe kwa zenyewe zatumia SMB2 na SMB3, matoleo mapya ya njia hiyo, kwa hivyo hapa SMB1 haihusiki hata kidogo. Yahitajika tu ukiwa na kitu cha zamani sana, mfano rauta yenye tundu la yuesibi iliyotengenezwa miaka mingi, na hata hapo mimi ningekwambia bora utafute njia nyingine. Na wewe una kazi za wateja humo ndani.

Sasa tuje kwa shida yako. Soma tena ulivyoandika, utaona ni shida mbili zimeingiliana. Ya kwako ni ya njia, laptopu haifiki kwenye kompyuta ukiwa juu. Ya kakako ni ya ruhusa, yeye amefika mlangoni akakataliwa. Ukizichanganya utazunguka mpaka Idi.

Tuanze na yako. Ukiwa juu fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika ipconfig, nipe namba ya IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao, na ya Default Gateway, yaani anwani ya rauta. Kisha shuka chini ufanye hivyo hivyo kwenye kompyuta kubwa. Halafu rudi juu, andika ping, ambayo ni kama kubisha hodi kuona kama kompyuta yajibu, ukifuatisha namba ya IP ya kompyuta kubwa, na tena ping SEBULE kwa jina. Niletee majibu yote manne.

dada_wa_kadi

Shukran sana kwa kunijibu haraka. Nimefanya. Laptopu nikiwa juu ni 192.168.0.104 na hio gateway ni 192.168.0.1. Kompyuta kubwa ya chini ni 192.168.100.7. Ping kwa namba yajibu, tena haraka. Ping SEBULE yasema haiwezi kuipata.

fundi_tudor

Basi ndio hapo. Angalia namba ya tatu, juu una 0 na chini una 100. Hiyo rauta ya juu haikuongeza waifai ya chini, imetengeneza mtandao wake mwingine nyuma ya ule wa kwanza. Intaneti utapata, kwa sababu kazi ya rauta ni kupitisha vitu kutoka ndani kwenda nje. Lakini Windows ya nyumbani kumjua mwenziwe kwa jina hufanya kama kupiga ukelele, "SEBULE uko wapi?", na ukelele huo hauvuki rauta, waishia hapo hapo juu. Ndio maana kwa namba wafika na kwa jina hufiki, na draivu yako Z bila shaka uliiweka kwa jina.

Hakikisha kwanza. Juu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.100.7\KAZI uone. Ikifunguka, mzizi tumeujua. Isipofunguka fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, uandike Test-NetConnection 192.168.100.7 -Port 445, maana SMB yapitia mlango huo wa 445, ikikwambia TcpTestSucceeded ni False basi kuna fayawolo au antivairasi inayoziba kwenye kompyuta kubwa.

Ungeweza kuridhika na njia ya namba na ukaendelea na kazi zako usiku wa leo. Lakini siku utakapotaka kompyuta ya chini ifungue kitu kilicho kwenye laptopu juu, haitafika kabisa, rauta ya pili yaruhusu upande mmoja tu. Dawa ya kweli ni kuibadilisha rauta ya juu iwe Access Point, yaani isambaze waifai ya mtandao ule ule wa chini bila kutengeneza wake. Ingia 192.168.0.1 kwenye brauza, tafuta setingi ya Operation Mode au AP Mode, chagua, iache ijiwashe upya. Kama haina hiyo setingi, badilisha anwani yake ya LAN (upande wa ndani wa nyumba) iwe 192.168.100.2, ukihakikisha namba hiyo haitumiki na kitu kingine, zima DHCP yake, ile kazi ya kugawia vifaa namba, kisha kebo inayotoka chini uitoe kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) uichomeke kwenye moja ya matundu ya LAN. Fuata mpangilio huo huo, anwani kwanza ndipo DHCP, kwa sababu ukishazima DHCP laptopu haitapewa namba na rauta hiyo tena na kuingia kwenye setingi kutakuwa taabu.

bi_mikindani

Fundi amesema kweli tupu. Mimi nizungumzie ya kaka maana kazini kwetu tumepambana nayo sana. Dada, bila shaka kwenye kompyuta kubwa ulizima ile "Password protected sharing" ili watu waingie bila paswadi. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2, lile la mwaka 2024, haikubali tena kuingia kwenye folda kama mgeni, na pia yataka kila mazungumzo yatiwe saini, na mgeni asiye na paswadi hana cha kutilia saini. Neno shirika liko kwenye ujumbe tu, humwambia hivyo hata mtu aliye peke yake nyumbani, kwa hivyo kaka asihofu.

Kuna video nyingi za kukufundisha uruhusu wageni tena kwa kubadilisha rejista, yaani setingi za ndani za Windows. Usifanye. Nyumba ya harusi watu waingia na kutoka, kila mtu aomba paswadi ya waifai, na yeyote aliyeshika waifai ataweza kufungua folda ya wateja wako, na kama umeiruhusu kuandikwa basi ataweza hata kuifuta.

Fanya hivi. Kwenye SEBULE fungua cmd kama admini, andika net user kadi * /add, itakuuliza paswadi, iandike mara mbili, herufi hazitaonekana ukiandika na ni kawaida. Paswadi isiwe tupu, Windows hairuhusu akaunti yenye paswadi tupu kuingia kupitia mtandao. Kisha klik kulia folda ya KAZI, ingia Properties, na hapa wengi hukwama, kuna sehemu mbili za ruhusa, moja kwenye Sharing na nyingine kwenye Security, na inayobana zaidi ndio inayoshinda. Mpe huyo kadi ruhusa ya kuandika kote kuwili. Baada ya hapo washa tena ile ya paswadi.

Kaka akija kuingia, kwenye jina aandike SEBULE\kadi, asiandike jina lake la Windows, na aweke paswadi hio mpya. Pini anayofungulia laptopu yake haifanyi kazi hapa, pini ni ya kifaa chenyewe tu. Na wewe ukiambiwa kuna muunganisho mwingine kwa jina tofauti, ile error 1219, andika net use * /delete kwanza kisha uingie upya.

mtoto_wa_kisauni

Nimeelewa fundi, ntamwambia yule rafiki yangu aizime SMB1 leo hii. Nyongeza moja dada, huku kwetu stima ikipotea ikirudi rauta hugawa namba upya, na yako 192.168.100.7 yaweza kuwa 192.168.100.12. Kama utatumia namba, ingia rauta ya chini utafute Address Reservation, uifunge namba hio na kompyuta kubwa isibadilike.

dada_wa_kadi

Wallahi Mungu awajaze kheri. Kwa namba ilifunguka palepale. Rauta ya juu ilikuwa na hio AP Mode, nimebadilisha, sasa laptopu yapata 192.168.100.23 na SEBULE yaonekana hata kwa jina. Kaka pia ameingia kwa SEBULE\kadi na ameprinti. Namba nimeifunga kama mlivyosema. Kimebaki kimoja, nikiwasha laptopu kila mara yaniambia haikuweza kuunganisha draivu za mtandao, X nyekundu ipo, lakini nikiiklik yafunguka bila matata. Kuna ubaya?

fundi_tudor

Hakuna ubaya wowote. Windows yaitafuta Z kabla waifai haijashika, ikiikosa yaweka X, ukiklik yaifuata tena. Ukitaka iondoke, itoe Z kwanza kwa net use Z: /delete, fungua Notepad uandike mistari hii miwili:

timeout /t 20
net use Z: \\192.168.100.7\KAZI /persistent:no

Iseivu kwa jina zet.bat. Kisha bonyeza Windows na R, andika shell:startup, uiweke kwenye folda itakayofunguka. Itasubiri sekunde 20 waifai ishike ndipo iunganishe. Paswadi iwe umeihifadhi kwa kuingia mara moja kupitia anwani hio hio ya namba na kuweka tiki ya kukumbuka, ukiihifadhi kwa jina SEBULE haitaitambua kwa namba. Na hio /persistent:no usiisahau, bila hio Windows itaikumbuka Z yenyewe na mstari huu utaleta error 85, kwamba Z yatumika tayari.