Tupeane uzoefu: Siku uliyofundisha maumbo na somo likakugeuka

Mwenye Mada
Jana binti yangu wa miaka minne alikataa kula mkate kwa sababu niliukata kona kwa kona, akalia kwamba nimemharibia mraba wake. Nilikumbuka mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, nilipokabidhiwa watoto 112 wa darasa la awali pamoja na boksi moja la chaki. Mliowahi kufundisha duara, pembetatu, mraba na mstatili, karibuni.

Chaki Mkononi
Aibu yangu ilinipata mbele ya mdhibiti ubora wa shule. Kwa wiki mbili nilikuwa nimechora mraba ukiwa umekaa sawasawa kama nyumba, na watoto wakautaja kwa sauti moja mpaka darasa la jirani likalalamika. Mgeni yule alichukua kadi yangu ya mraba, akaisimamisha kwa kona moja, akauliza ni umbo gani. Darasa zima likaitikia, "Tiara!" Akailaza: "Mraba!" Akaisimamisha tena: "Tiara!" Alirudia hivyo mara nne bila kunitazama, na laiti angenitazama mara moja tu ningepata nafuu. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Pierre van Hiele na mkewe Dina, walimu wa Uholanzi walioandika tasnifu zao mwaka 1957, ndipo nikaelewa kwamba mtoto mdogo hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kabla hajafikia kuhesabu pande na kulinganisha pembe. Siku hizi kila umbo nalilaza, naliinamisha, nalikuza na kulipunguza, na pembetatu naichora hata ikiwa nyembamba kama mwiba.

Mama Pacha
Tiara! Wangu nao ni hivyo hivyo.

Mzee wa Hesabu
Mnawachanganya wenyewe mnapowaambia kwamba mraba si mstatili. Mstatili ni pembenne yenye pembe mraba nne, na mraba unatimiza sharti hilo.

Kamusi Kichwani
Mzee, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Neno mstatili limetokana na Kiarabu, na maana yake ni kitu kilichorefuka. Mraba umerefukia wapi?

Mzee wa Hesabu
Marahaba. Asili ya neno si fasili ya umbo. Ukifuata asili, mraba ni kitu chochote chenye nne, hata mbuzi atakuwa mraba kwa miguu yake.

Mwana Tabora
Mimi nilikuwa na darasa la pili. Baada ya kumaliza pembetatu na pembenne nilijiona hodari, nikawasimulia kwamba nyuki hujenga sega kwa vyumba vya pembesita, kwa kuwa vyumba hivyo hushikana bila kuacha nafasi katikati, jambo ambalo maduara hayawezi. Nikamalizia kwa kusema, "Kesho kila mmoja alete umbo kutoka nyumbani." Wengi walileta visoda, vifuniko vya ndoo na maboksi ya dawa ya meno. Wavulana wawili, ambao babu yao ana mizinga, walileta sega bichi ndani ya mfuko, na nyuki wakalifuata. Watoto 86 walitoka kwa mlango mmoja na madirisha matatu, mimi nikiwa wa mwisho, si kwa ushujaa bali kwa sababu sketi ilinasa kwenye dawati. Mpishi wa uji alikimbia akaacha sufuria jikoni, uji ukaungua, na wazazi walianza kufika wakiwa na majani mabichi ya kufukizia moshi.

Mama Pacha
Mungu wangu! Kuna aliyeumia?

Visoda Vitatu
Na asali mliila?

Mwenye Mada
Ndugu zangu, mada ni maumbo.

Chekechea Yetu
Anzeni na vitu vya kushika. Fröbel, aliyefungua taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto mpira kwanza, kisha tufe, mcheduara na mchemraba vya mbao. Msiseme chungwa ni duara: chungwa ni tufe, na duara mtaliona mkilikata katikati. Kwa pembetatu, tumieni sambusa.

Chaki Mkononi
Sambusa hapana. Nilileta 20, na nilipogeuka kuandika tarehe zilibaki 3.

Visoda Vitatu
Basi hapo umefundisha na kutoa.

Mzee wa Hesabu
Kadi za manila zinatosha.

Chekechea Yetu
Kadi ndizo zilizozaa tiara, Mzee.

Mwana Tabora
Mama Pacha, waliumwa wanane, nami wa tisa, na wote tulipona. Mmoja wa wale wavulana alikuwa amevimba jicho hadi limefumba. Tulipokuwa tukisubiri zamu zahanati, nilimuuliza kwa hasira ni kitu gani alichokuwa amekileta darasani. Alijibu kwa adabu, "Pembesita, mwalimu."