Wahasibu mliosoma MBA (na mlioiacha njiani), tupeane uzoefu

VochaNyekundu
Wakuu, leo kuna jambo limenikera mpaka nikasema nije humu. Kikao cha bodi. Taarifa nzima ya robo mwaka nimeiandaa mimi: mizania, mtiririko wa fedha, bajeti dhidi ya matumizi halisi. Aliyesimama kuiwasilisha ni meneja aliyetoka idara ya mauzo, kapandishwa juzi tu, ana MBA, ile shahada ya uzamili ya uendeshaji biashara. Mimi nimewekwa kiti cha nyuma yake, kazi yangu kumsogezea vikaratasi vya tarakimu kila akiulizwa. Mjumbe mmoja akasema, "Mbona faida imepanda na fedha benki zimepungua?" Nikaandika haraka: wadaiwa wamechelewa kulipa, stoo imejaa. Jamaa akasoma kama kilivyo, akapongezwa.

ACCA, cheti cha kimataifa cha taaluma ya uhasibu, nimemaliza, mitihani yote 13. Sasa naambiwa bila MBA nafasi ya mkurugenzi wa fedha niisahau. Mliopita njia hii, mlisoma kwa sababu gani? Na imewalipa?

Debiti Kushoto
Pole mkuu. Hicho kiti cha nyuma nakijua, nimekikalia sana.

Mama Mizania
Mdogo wangu, nimecheka kwa uchungu. Ngoja nikupe yangu.

IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha kuandika mikataba ya kupanga, ilipoanza kutumika Januari 2019, ofisi yetu ilikuwa na matawi mengi ya kupanga. Zamani kodi ya pango ilikuwa inaingia kwenye matumizi na mambo yameisha. Kiwango kipya kikataka haki ya kutumia majengo iandikwe kama mali, na malipo ya kodi yajayo yaandikwe kama deni. Nikapitia mikataba yote, nikakokotoa thamani ya sasa ya malipo, uchakavu kando, riba kando. Wakaguzi hawakupata pa kunigusa.

Siku ya kikao mwenyekiti akafungua mizania, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa madeni. "Hili deni limetoka wapi? Tumekopa lini?" Nikamweleza kiwango kinasema nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, halafu akasema, "Hayo ya kitabuni nimeelewa. Benki itasemaje?"

Ukumbi kimya. Mkataba wetu wa mkopo ulikuwa na sharti la uwiano wa deni kwa mtaji, na kwa mizania mpya tulikuwa tumeshauvuka, wakati hatujakopa hata senti moja ya ziada! Aliyeokoa jahazi ni kijana wa mipango. Akasema mikataba ya namna hii mara nyingi huwa na kifungu cha kupima uwiano kwa kanuni zilizokuwepo siku ya kusaini, tuutazame wetu kwanza. Ukaletwa. Kifungu kipo, kurasa za mwisho mwisho kule ambako huwa hatufiki.

Ndipo nikaanza kutafuta fomu. Mshahara haukuwa shida yangu. Nilitaka siku nyingine likiulizwa swali la "benki itasemaje" niwe mimi wa kulijibu. Na usidhani somo la fedha ndilo lilinitoa jasho, mengi nilikuwa nayajua. Masoko ndiyo yalinitesa. Unaambiwa upange bei ya bidhaa na nusu ya taarifa huna. Sisi tumezoea kusubiri stakabadhi ifike ndipo tuandike.

Kimya_Kingi
Umemaliza kila kitu, mama.

Mtoza Riba
Mnampoteza kijana. MBA ni ya kupamba ukuta. Jeffrey Skilling, bosi wa Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyopika hesabu, alikuwa na MBA ya Harvard. Andrew Fastow, bosi wa fedha pale pale, naye alikuwa na MBA. Kampuni ikafilisika Desemba 2001. Kwanza MBA haikupi ruhusa ya kusaini taarifa ya ukaguzi, hiyo inatoka bodi ya taaluma. Abaki na taaluma yake.

Debiti Kushoto
@Mtoza Riba na waliokagua hesabu za Enron walikuwa kina nani? Arthur Andersen. Wahasibu wenzako hao. Kwa hoja yako basi na uhasibu tuufute.

Mtoza Riba
Hukumu ya Andersen ya kuzuia uchunguzi ilitenguliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 2005. Soma kabla hujaropoka.

Debiti Kushoto
Ilitenguliwa kwa sababu jaji alilipatia jopo la waamuzi maelekezo mabovu, hakuna aliyesema hesabu zilikuwa safi. Na kampuni ilishasambaratika kitambo.

VochaNyekundu
Jamani, mada.

Fundi Excel
Mimi niseme ukweli: nilisoma kwa sababu mwajiri alilipa. Ingekuwa mfuko wangu nisingeenda. Ila soma mkataba wa kufadhiliwa kabla ya kushangilia. Mwenzangu mmoja alipata kazi nzuri zaidi kwingine akiwa bado hajamaliza muda wa kulitumikia shirika, akadaiwa ada yote irudi.

Halafu kitu kinachonishangaza, sisi tunaopigia wengine hesabu za miradi, ya kwetu hatuipigi. Mtu anaweka ada tu. Ukiacha kazi ukasome kutwa, gharama kubwa mara nyingi ni mshahara utakaoukosa. Uweke humo. Kisha ongezeko la kipato unalotegemea, lipunguze thamani kadiri miaka inavyosogea, uone kama kinabaki kitu. Nilimpigia mshikaji mmoja, ikatoka hasi. Akaenda hivyo hivyo, leo ni bosi wangu 😂

Sijui Niseme
Nilikuwa napita tu. Ila hilo swali la mjumbe, faida juu fedha chini, limenitonesha.

Nilisoma MBA ya jioni huku niko kazini. Tukapewa zoezi: kila mtu alete hesabu za kampuni halisi, jina lifutwe, kundi lichambue. Nikaleta za kwetu. Kwenye kundi kuna dada alikuwa idara ya mikopo ya benki. Akachukua kalamu nyekundu, akagawanya wadaiwa kwa mauzo, akazidisha kwa 365. Mwaka wa kwanza wateja wanalipa baada ya siku 40 hivi. Uliofuata 70. Wa tatu 120. Akainua macho akaniuliza, "Hawa wateja wako, umewahi kuwaona?"

Kundi likacheka. Mimi jasho.

Nikarudi ofisini usiku ule ule. Nikachapa ankara za wiki ya mwisho ya kila robo mwaka, nikachapa na krediti noti, yaani hati za kufuta ankara, za wiki ya kwanza ya robo inayofuata, nikazipanga sambamba mezani. Kiasi kile kile. Mteja yule yule. Wateja watatu wana anwani moja. Mauzo yanaingia bonasi ikikaribia, bonasi ikishalipwa yanafutwa kimya kimya. Nikatazama saini ya aliyeidhinisha zile krediti noti... ngoja nimeitwa, narudi.

Kimya_Kingi
Weeee! Rudi hapa!

Fundi Excel
Yaani hapo ndipo ulipoona pa kuishia? Saini ya nani?

Debiti Kushoto
Nimeweka kiti. Ni bosi wa mauzo.

Kimya_Kingi
Mimi nasema mkurugenzi wa fedha mwenyewe.

Mtoza Riba
Chai hiyo. Siku za wadaiwa tunafundishwa mwanzo kabisa wa uhasibu. Mhasibu mzima usubiri MBA ikuonyeshe?

Mama Mizania
@Mtoza Riba kufundishwa tumefundishwa sote. Ukishazama kwenye kufunga mwezi, usuluhisho wa hesabu na taarifa ya benki haukubali na wakaguzi wako mlangoni, nani anapiga uwiano huo? Faida niliyoiona mimi ni kukaa meza moja na mtu wa mikopo, mhandisi, mtu wa mauzo, wakayatazama mahesabu yako kwa macho yao. Ofisini hakuna anayekuuliza kama wateja umewaona.

Mtoza Riba
Hiyo unaipata hata ukiomba kuhamishiwa idara ya mipango miezi michache. Bure.

Mama Mizania
Hapo sikupingi. Ukikubaliwa.

VochaNyekundu
Asanteni. Kwa hiyo nisome au nisisome?

Debiti Kushoto
Soma, lakini chuo chenye ithibati. AACSB, AMBA au EQUIS, angalia mojawapo.

Mtoza Riba
Usisome. Omba kuwasilisha mwenyewe kikao kijacho.

Fundi Excel
Soma, ila ada alipe mtu mwingine.

Mgeni wa Leja
Samahani wakuu, mimi ni mgeni. GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya MBA, ni lazima?

Mama Mizania
Karibu. Inategemea chuo. Vingine vinawasamehe wenye vyeti vya taaluma, waandikie uwaulize kabla hujalipia mtihani.

Mgeni wa Leja
Asante dada. Na yule wa krediti noti amesharudi?

Kimya_Kingi
Bado. Tumekesha.