Boxster 986 ya 2001: nibadilishe beringi ya IMS sasa au nisubiri kluchi iishe?

boksa_ya_bluu (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Porsche Boxster 986 ya 2001, injini ya lita 2.7, gia za mkono, kilomita 118,000. Inawaka vizuri, kluchi bado inashika. Hofu yangu ni ile beringi ya shafti ya kati, IMS. Nishushe gia boksi niibadilishe sasa, au nisubiri kluchi iishe nifanye kazi zote kwa mpigo? Chini, pale injini inapoungana na gia boksi, kuna unyevu wa oili, haudondoki. Na kuna kingine cha kuwahi mapema?

spana_74
Mkuu, usinunue beringi kabla hujakata filta. Mwaga oili ikiwa ya moto (bolti ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, ni alenki ya mm 8), kisha fungua kopo la filta kwa soketi ya mm 74 yenye pande 14. Filta yenyewe ni ya karatasi. Ikate kwa kisu kikali, siyo msumeno, maana msumeno utamwaga unga wake wa chuma humohumo nawe uje ulie bure. Ibane kwenye jiriwa katikati ya vitambaa viwili mpaka oili itoke, halafu funua mkunjo mmoja mmoja kwenye mwanga na upitishe sumaku uliyoifunga nailoni.

Ukiona vipande vya plastiki ya kahawia, hizo ni pedi ambazo cheni za injini huteleza juu yake. Plastiki nyeusi ngumu huenda ikawa sili ya beringi. Chembe zinazometa na kunata kwenye sumaku ni chuma cha beringi, na hapo kubadilisha beringi peke yake ni kutupa pesa: chuma kimeshasambaa kwenye njia zote za oili, injini inatakiwa ifunguliwe yote. Vumbi laini la alumini lisikutoe jasho.

Shusha na sampu pia. Kopo la kiwandani lina valvu inayopitisha oili bila kuchujwa presha ikizidi, kwa hiyo filta safi haithibitishi kila kitu. Wakati wa kurudisha, bolti ya sampu kaza kwa Nm 50 na washa mpya, kopo kwa Nm 25 na oringi mpya iliyopakwa oili. Kopo ni la plastiki, ukilikaza kwa hasira litapasuka.

kamshafti
Niongezee sababu, maana wengi wanaogopa jina tu. Beringi ile imefungwa sili na kujazwa grisi kiwandani. Sili ikichoka, oili inapenya kidogo na kuiosha grisi, lakini haipati mzunguko wa kutoka. Inabaki humo imechakaa, ina maji na asidi. Beringi ikilegea, shafti ya kati inayozungusha cheni za kamshafti (shafti zinazofungua valvu) inayumba, cheni zinaruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Ndiyo maana gari linaloshinda limeegeshwa na kutembea dakika kumi kumi liko hatarini kuliko linalokula barabara ndefu.

Magari ya mwanzo yana beringi ya safu mbili, ya baadaye safu moja ambayo ni dhaifu zaidi. La 2001 liko kwenye mpito: hutajua lako ni lipi mpaka gia boksi ishuke, kwa hiyo usiagize kwa kubahatisha.

Oili: 5W-40 au 0W-40 yenye kibali cha Porsche A40, kila kilomita 8,000 au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia. Pia chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, uone mkengeuko wa kamshafti za pande zote mbili za injini (zimehama kiasi gani kutoka taimingi yake), injini ikiwa na joto na bila kukanyaga mafuta. Ukomo ni digrii 6, hasi au chanya. Namba inayotangatanga inanitia wasiwasi kuliko namba kubwa iliyotulia.

mzee_wa_gasketi
Mimi sikubaliani na kusubiri kluchi. Unyevu hapo ni sili ya nyuma ya krenki au flanji ya IMS yenyewe (kifuniko kinachoshikilia beringi), na zote hazifikiwi bila kushusha gia boksi. Ukishashusha, badilisha kluchi nzima, beringi yake ya kuachia na sili ya krenki, pima flaiwili (gurudumu zito ambalo kluchi inabana), na bolti za flaiwili ziwe mpya.

Muulize fundi swali moja kabla hajagusa: cheni utazizuia vipi? Anatakiwa afunge krenki kwa pini, afunge kamshafti, atoe vikaza cheni, ndipo aguse flanji. Akiitoa cheni zikiwa zimekaza, shafti inavutwa pembeni na taimingi inapotea. Akikujibu "haina haja", chukua funguo zako uondoke.

spana_74
Mzee, tuko pamoja, ila filta kwanza.

rejeta_mbili
Msisahau maji. Feni ya ndani ya pampu ya maji ni ya plastiki, ikivunjika vipande vinaziba njia za maji. Tikisa puli yake: ikicheza, au chini yake pana alama kavu za kulanti (maji ya kupozea injini), badilisha pampu pamoja na thermostati. Pampu zenye feni ya chuma sizipendi. Beringi yake ikichoka feni inakwangua ukuta wa injini.

Zulia la buti la nyuma likiwa na unyevu, tangi la kulanti limepasuka. Na injini ikiunguruma, jaribu kufungua mfuniko wa kujazia oili humohumo kwenye buti: ukivutwa kwa nguvu isiyo ya kawaida, kitenganishi cha hewa na oili kimekufa. Moshi mzito mweupe asubuhi ni dalili yake nyingine. Kisichelewe, kinaweza kumimina oili kwenye silinda.

boksa_ya_bluu
Ahsanteni sana wakuu. Filta nimekata: vipande vitatu vya plastiki ya kahawia, ukubwa wa punje ya mchele. Sumaku haikushika kitu, na sampu ni safi. Kamshafti zinasoma -2.1 na -3.4, zimetulia. Mfuniko wa oili unafunguka kawaida.

kamshafti
Basi pedi zinaanza kukatika, beringi haijatema kitu. Pedi zinafikiwa kwa kufungua vifuniko vya kamshafti, panga kazi hiyo pamoja na ya gia boksi, kamshafti zikiwa tayari zimefungwa. Hizo namba mbili ziandike. Baada ya kazi soma tena, na filta ya kwanza ikate baada ya kilomita 1,500, usingoje 8,000.