UZI WA KERO: Bosi anayemtishia binti kazi si "adui wa mahaba", acheni kutuuzia hiyo takataka

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la mahusiano. Sijaachwa, sijatendwa, siombi ushauri. Nalalamikia bidhaa niliyoilipia.

Mimi ni mlafi wa simulizi. Daladala ya Igoma ikikwama kwenye foleni pale Buzuruga, hapa Mwanza, mwenzenu hata sina habari, niko sehemu ya 22. Na katika simulizi zote ugonjwa wangu ni mmoja: watu wawili wa ofisi moja wasiopikika chungu kimoja. Wananuniana, wanarushiana vijembe kwenye kikao, huyu anaficha faili la yule, yule anamchongea huyu kwa meneja. Halafu siku moja mmoja haji kazini, na mwenzake anajikuta anachungulia mlango kila ukifunguliwa. Hapo mimi nimekwisha. Nipeni hiyo na chai ya maziwa, msinisemeshe.

Sasa mwandishi mmoja (jina nalihifadhi, mwenyewe anajijua na wafuasi anao wa kutosha) katupia tangazo kwenye kundi la Wasap: maadui ofisi moja, utacheka mpaka ulie, yote buku mbili, lipia utumiwe. Sehemu za mwanzo bure. Na haki ya Mungu ni nzuri. Binti ana mdomo, kaajiriwa kitengo cha mauzo, siku ya kwanza tu kagombana na kaka mmoja kwenye lifti na kamwacha hoi. Nikatuma hela hata sijamaliza kusoma.

Sehemu ya nne yule kaka wa kwenye lifti anajulikana. Mkurugenzi Mtendaji. Mwenye kampuni. Umri 29, bilionea, hacheki.

Nikasema haya, tuone. Tukaona. Kuanzia hapo huo "uadui" wenyewe ni huu: anamwita ofisini usiku. Anaimwagia kahawa ripoti yake ili aiandike upya. Anamfukuza kazi saa nne asubuhi, saa kumi jioni anatuma dereva amrudishe. Binti akifungua mdomo anaambiwa akumbuke mama yake amelazwa, na bili anailipa nani. Sehemu ya 15 anafunga mlango kwa ufunguo, anamshika kwa nguvu, binti analia, na mwandishi anatuambia eti "moyo wake ulidunda kwa hisia asizozielewa."

Dada, hiyo ni hofu. Inaeleweka vizuri tu.

Na maoni ya wasomaji sasa! Mioyo myekundu mwanzo mwisho. "Jamani huyu kaka ananimaliza." "Mungu nipe bosi kama huyu." Mungu akuepushie mbali.

Tuwekane sawa. Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na kifungu cha 25 kinamhusu kabisa mtu mwenye mamlaka anayetaka ngono ndipo akupe ajira, cheo au haki yako. Yule kaka wa sehemu ya 15 ni mteja wa TAKUKURU. Na ule mchezo wake wa fukuza rudisha nao una sheria yake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, anapewa notisi isiyopungua siku 28. Ukiachishwa kinyume cha utaratibu una siku 30 za kupeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Binti mwenye mdomo wote ule hajui CMA iko wapi? Mdomo wake ulipotelea wapi baada ya lifti?

Hilo la mdomo ndilo linaloniuma kuliko yote. Maana kuna watu nawajua watakuja hapa kusema "nyie wanawake mnapenda kuteswa, ndiyo maana zinauzika." Hamjaelewa kitu. Anayezipenda simulizi hizi hafuati mateso. Anafuata kuonekana.

Fikiria unavyoishi kazini. Meneja hajui hata una watoto wangapi. Wenzako wanakusalimia huku macho yao yako kwenye simu. Yuko mtu mmoja tu katika jengo zima anayejua kwamba ukikasirika unagonga kalamu mezani, kwamba Jumatatu huwa unachelewa, kwamba ripoti yako ya mwezi uliopita ilikuwa na kosa ukurasa wa tatu na ulilifunika kwa maneno mazuri. Huyo ni adui yako. Amekusoma kuliko mchumba wako. Amekukariri kwa ajili ya kukumaliza. Sasa siku inafika ujuzi ule wote unageuka: kikombe cha chai kinawekwa mezani kwako, sukari kidogo kama unavyotaka, na hujawahi kumwambia mtu yeyote unataka sukari kidogo. Hapo msomaji anaweka simu chini anatembea kidogo chumbani. Mimi natoka kabisa nje.

Hilo haliwezi kutokea kama mmoja ndiye anayemlipa mwenzake mshahara. Bosi hana haja ya kukusoma. Akitaka kukushinda anasaini karatasi. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao, lakini kugombana kunataka wote wawili wawe na pa kusimama.

Sisi wa kanda hii tulipaswa kulijua hilo bila kufundishwa. Nendeni Bujora, hapo Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, mkawaone Bagika na Bagalu. Pande mbili zenye ushindani tangu enzi za Ngika na Gumha, karne ya 19. Ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, na vituko vyake, na dawa zake kwa wanaoamini, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Umati unakimbilia huku, mara unakimbilia kule, vumbi mpaka kwenye meno. Sasa upande mmoja mnyang'anye ngoma, mfunge mikono, halafu utangaze kuna mashindano. Nani atabaki uwanjani?

Na wanaosema hii ni ladha mpya ya watoto wa mitandaoni, Jane Austen aliiandika 1813, kwenye Pride and Prejudice. Elizabeth hana kitu, Darcy ana hela za kumwaga, lakini Darcy akiposa mara ya kwanza anapigwa chini na hana la kumfanya. Utamu wote uko hapo: tajiri ana kila kitu isipokuwa cha kumtishia huyu binti. Sally Thorne naye 2016 akaipeleka ofisini, kwenye The Hating Game. Wasaidizi wawili kwenye kampuni ya uchapishaji, cheo sawa, halafu inatangazwa nafasi moja ya juu na wote wanaitaka. Meza zao zinatazamana, wakuu. Hakuna aliyekaa ghorofa ya juu na ufunguo mfukoni.

"Hayo ni ya Wazungu, sisi hatuna ofisi za hivyo." Hatuna? Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza, jina halitajwi maana nataka kazi yangu. Alfajiri gari la barafu linaingia kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki. Afisa manunuzi yuko pale na simu mbili, anataka tani zake, kwa sababu tani zisipofika mashine zinalala na vibarua wa kuchuna minofu, wale wa gambuti nyeupe, wanarudi nyumbani bila kitu. Mbele yake amesimama mdhibiti ubora, dada mfupi, koti jeupe, kofia ya wavu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Anamwinua sangara, anafunua shavu, anaangalia wekundu, ananusa. Kisha anaibonyeza nyama kwa dole gumba na kusubiri. Nyama ikirudi juu, sawa. Kishimo kikibaki pale pale, anatingisha kichwa na kreti nzima inavutwa pembeni. Hajamaliza. Anatoa rula, maana sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi hata awe bado anapumua.

Kaka anapandisha: "Kwani unadhani samaki wanajipima kabla ya kuingia kwenye nyavu?"

Dada hata hageuki: "Hawajipimi. Ndiyo maana umeajiriwa wewe."

Mimi hapo kwenye mizani nimeshaacha kuandika.

Angalieni mali hiyo. Wote wawili wana haki. Dada akilegea, mzigo unaweza kukataliwa Ulaya na kiwanda kizima kikaumia. Akikaza kupita kiasi, kuna mama ana watoto wanne hapikii kitu jioni, na kaka ndiye anayetazamana naye getini, si dada. Hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake. Na kesho alfajiri, wapende wasipende, wanakutana kwenye kreti ile ile wakiwa hawajapata hata chai. (Kama wale wawili kuna kitu kati yao sijui na hainihusu. Kaka nasikia ana mke.) Lakini mwandishi mwenye akili amwondoe huyo mke, akae na hao watu sura ishirini, aone kama atahitaji bilionea.

Badala yake tunapewa nini? Kampuni ambayo mpaka mwisho hujui inauza nini. Mtu ni tajiri wa "biashara." Sehemu 60 hakuna aliyetoa risiti ya EFD, hakuna mkaguzi aliyekuja, hakuna anayelilia posho ya safari, hakuna printa iliyogoma siku ya mwisho ya mwezi. Sasa kama ofisi haina kazi watu watagombania nini? Ndiyo maana mwandishi anakimbilia kofi na kufungiana milango, hana kingine cha kuwapa wagombane. Mnaishi kwenye mji una vivuko, una viwanda, una mabenki, una machinga na mgambo, mnaandika Dubai ambako hamjafika. Daraja la Kigongo–Busisi lilianza kujengwa 2020 likafunguliwa 2025, kilomita tatu juu ya maji. Miaka mitano! Wahandisi wawili, mmoja wa zege mmoja wa nondo, kila mmoja ana hakika mwenzake atawaua watu. Mpaka leo hakuna aliyeiandika. Nitaandika mwenyewe nione.

Na sisemi bosi asiguswe kabisa. Mkitaka lazima awe bosi, basi mpeni binti kitu mkononi. Awe mkaguzi wa ndani anayejua hesabu hazilingani. Awe mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Awe na barua ya kazi nyingine kwenye pochi, imesainiwa, bado tarehe tu. Aweze kusema hapana leo na kesho akaamka ana ugali. Na bosi alijue hilo, limnyime usingizi. Hapo nitasoma hata sehemu 200.

Kuhusu biashara yenyewe sina maneno mengi. "Yote buku mbili" ikafika katikati ikageuka "msimu wa kwanza umeishia hapa, msimu wa pili buku tatu." Nimemwandikia anirudishie hela, kanibloku. Utapeli ni utapeli hata ukiwa na maua pembeni.

NYONGEZA: Mnaokuja na "ni hadithi tu dada, punguza jazba." Hadithi ndiyo niliyoilipia, na niliyotangaziwa siyo niliyopewa. Na yule aliyeandika "bosi wangu alinitongoza na leo ni mume wangu," hongera sana shemeji yetu, lakini soma tena nilichoandika. Kutongozwa unaweza kukataa.

NYONGEZA 2: Mwandishi kanijia inboksi na akaunti mpya. Anasema wasomaji wenyewe ndio wanaomtaka bosi, simulizi za watu wa cheo kimoja haziuziki. Nimemuuliza ameandika ngapi za cheo kimoja zikagoma kuuzika. Kasoma, tiki mbili za bluu, kimya.

Kwa hiyo nauliza humu: mwenye simulizi ya Kiswahili ya maofisini, vyeo sawa, kazi ionekane kwamba ni kazi, na iwe imekwisha kabisa, siyo ya "itaendelea," aweke jina hapa chini. Ikiwa ya Kanda ya Ziwa nalipa mara mbili. Mkurugenzi akitokea na kumfungia mtu mlango sitoi hata jero.